Mwekezaji Anafuata Soko: Mazungumzo kuhusu Poland

Leo tunakwenda Ulaya, na naomba tuanzie mbali kidogo na nchi ninayotaka kuizungumzia. Tuanzie Limerick, mji wa magharibi mwa Ireland.

Januari 2009 kampuni ya kompyuta ya Dell iliwatangazia watu wa Limerick kwamba wafanyakazi 1,900 watapunguzwa. Mji wenyewe, ukijumlisha na vitongoji vyake, haukufikisha watu laki moja. Lakini kazi zile hazikufa. Zilihamishiwa Łódź, mji ulio katikati ya Poland (wenyewe wanautamka karibu na “Wuch”), kwenye kiwanda ambacho Dell ilikuwa imekizindua mwaka mmoja tu kabla. Serikali ya Poland ilikipa kiwanda hicho ruzuku ya euro milioni 54.5, na Septemba 2009 Kamisheni ya Ulaya ikaidhinisha. Kisha Umoja wa Ulaya huohuo ukatenga karibu euro milioni 15 za kuwafundisha kazi nyingine wale walioachishwa Limerick. Umoja uleule uliweka mkono wake pande zote mbili za mkasa mmoja.

Na kuna jambo lingine linalochekesha, ingawa kwa waliokuwamo halikuchekesha. Poland ilijiunga na Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, na Ireland ilikuwa miongoni mwa nchi tatu tu za umoja huo zilizowafungulia Wapolandi milango ya kazi siku ileile. Wakamiminika. Sensa ya Ireland ya mwaka 2011 ilikuta humo Wapolandi zaidi ya laki moja na ishirini elfu. Kwa hiyo kijana wa Łódź alipanda ndege ya bei rahisi kwenda Ireland kutafuta kazi, na kazi ikapishana naye njiani.

Sasa tuiangalie hiyo Poland. Nchi ya watu wasiopungua milioni 37, jirani ya Ujerumani upande wa magharibi na Ukraine upande wa mashariki. Mwaka 1989, utawala wa kikomunisti ulipoondoka, bei zilikuwa zinapanda kila mwezi, maduka matupu, na deni la nje halilipiki. Januari 1990 waziri wa fedha Leszek Balcerowicz akaachia bei, akakata ruzuku, akafungua biashara na nje. Wengi waliumia. Łódź, uliokuwa mji wa viwanda vya nguo tangu karne ya 19, ulipoteza soko lake la Urusi karibu kwa mkupuo, na maelfu ya akina mama waliokuwa wakisokota na kufuma wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kiwanda kikubwa cha pamba cha familia ya Poznański kilifungwa, na tangu 2006 majengo yake ya matofali mekundu ni kituo cha maduka na burudani kiitwacho Manufaktura. Kwa Poland nzima, hata mwaka 2003 mtu mmoja kati ya watano wenye nguvu za kufanya kazi hakuwa na ajira.

Leo hali ni nyingine kabisa. Wakati inaingia Umoja wa Ulaya, pato la Mpolandi mmoja, ukizingatia gharama za maisha, lilikuwa karibu nusu ya wastani wa umoja huo. Sasa limekaribia asilimia 80. Mwaka 2009, uchumi wa nchi zote nyingine za umoja ulipokuwa unasinyaa, wa Poland peke yake ulikua. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2004 kilikuwa zloti 824 kwa mwezi. Mwaka 2025 kilikuwa zloti 4,666. Bei zimepanda pia, sawa, lakini si kwa kiasi hicho.

Ukiwauliza wakubwa wetu wa huku siri ni nini, wengi watakujibu haraka: waliwavutia wawekezaji kwa misamaha ya kodi. Na ni kweli misamaha ilikuwepo. Mwaka 1995 Poland ilifungua eneo lake la kwanza maalumu la kiuchumi mjini Mielec, mji uliokuwa ukitegemea kiwanda cha ndege kilichokuwa hoi. Kampuni iliyojenga kiwanda pale ilisamehewa kodi ya mapato kwa miaka kadhaa. Maeneo mengine yakafuata, Katowice, Łódź, Wałbrzych, mpaka mwaka 2018 serikali ikaamua kwamba nchi nzima ni eneo maalumu, ilimradi mradi utimize masharti.

Lakini hebu itazame Ukraine. Mwaka 1990 kipato cha mtu wa Ukraine na cha mtu wa Poland havikuachana sana. Ukraine nayo, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilianzisha maeneo maalumu yenye misamaha ya kodi na ya ushuru. Viwanda vikubwa vya Wajerumani, Wajapani na Wakorea havikumiminika huko. Mwaka 2005 serikali mpya mjini Kyiv ikafuta misamaha ile, kwa sababu ilikuwa imegeuka uchochoro wa kupitishia bidhaa bila kulipa ushuru. Kodi ilisamehewa kotekote, na mwekezaji akaja upande mmoja.

Mimi nasema hivi: mwekezaji alikwenda Poland kwa sababu ya Ujerumani. Fikiria mama mwenye kibanda cha chakula kando ya stendi kubwa ya mabasi. Wali wake si mtamu kuliko wa mwenzake aliye ndani mtaani, na kodi ya pango analipa zaidi. Ila abiria wanashukia mlangoni pake. Poland ni kibanda hicho. Zaidi ya robo ya bidhaa inazouza nje zinanunuliwa na Ujerumani peke yake, na nyingine nyingi zinakwenda nchi nyingine za umoja bila kusimamishwa na afisa forodha yeyote.

Mfano ambao naupenda ni wa Amazon. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilifungua maghala makubwa karibu na Poznań na Wrocław. Maelfu ya Wapolandi wakaajiriwa kupanga na kufungasha viatu, vitabu na simu. Lakini Mpolandi mwenyewe hakuwa na duka la Amazon la lugha yake. Mizigo ile ilikuwa inakwenda Ujerumani. Duka la Kipolandi lilifunguliwa Machi 2021, miaka 7 baadaye. Na maghala yale yalikuwa na faida nyingine ambayo mwajiri hakuitangaza sana: wafanyakazi wa Ujerumani wakigoma, maagizo yaliweza kupitishiwa Poland. Mwaka 2015 baadhi ya wafanyakazi wa ghala la Poznań walilitambua hilo, wakapunguza kasi ya kazi kuwaunga mkono wenzao wa ng’ambo ya mpaka.

Sasa ukiwa na kibanda kando ya stendi, njia ya kutoka mlangoni kwako hadi kwenye basi lazima ipitike. Hapa kuna kisa cha barabara ambacho msikilizaji wa Afrika Mashariki atakielewa mara moja, maana wakandarasi wa Kichina tunawafahamu. Poland ilitaka barabara kuu ya A2 iunganishe Warsaw na mpaka wa Ujerumani kabla ya mashindano ya soka ya Euro 2012. Mwaka 2009 kampuni ya Kichina ya COVEC ilishinda zabuni ya vipande viwili kati ya Łódź na Warsaw, jumla ya kilomita 49 hivi, kwa bei iliyokuwa takriban nusu ya makadirio ya serikali. Watu walishangaa. Washindani walilalamika.

Bila shaka kampuni ilidhani mambo yatakwenda kama kwingineko: ingia kwa bei ya chini, kazi ikianza omba nyongeza. Lakini bei ya mchanga, chuma na lami ilipanda, maana nchi nzima ilikuwa inajenga kwa ajili ya mashindano. Mkataba ulikuwa na masharti ambayo hawakuyapigia hesabu vizuri, yakiwemo mapito ya chini ya barabara ya kuvusha vyura. Ndiyo, vyura, sheria za mazingira za Ulaya hazina mzaha. Kampuni ikaomba bei iongezwe, serikali ikakataa, ikisema washindani walioshindwa wangekuwa na haki ya kulalamika kwamba zabuni ilibadilishwa baada ya mshindi kupatikana. Mei 2011 wakandarasi wadogo wa Kipolandi ambao hawajalipwa walisimamisha kazi, na Juni mkataba ukavunjwa. Kampuni nyingine zikaitwa, zikakimbizana na saa, na Juni 2012 magari yakaanza kupita.

Nimekikalia kisa hiki kwa makusudi. Wawekezaji wengine waliokuwa wakitazama waliona kwamba mkataba uliosainiwa Poland unasimama kama ulivyoandikwa, hata serikali ikiwa na haraka na hata aliye upande wa pili akiwa ni China. Jambo hilo haliwekwi kwenye vipeperushi vya maonyesho ya biashara, ila wanasheria wa makampuni wanalijua.

Sasa tuje kwenye machungu, maana yapo.

Kusini mwa Poland, kwenye eneo la makaa ya mawe la Silesia, kuna mji unaitwa Tychy. Tangu mwaka 1975, bado katika ukomunisti, walikuwa wakiunda pale gari dogo la Fiat kwa leseni ya Waitaliano. Mwaka 1992 Fiat ikanunua kiwanda chenyewe. Miaka ya 2000 Tychy ilikuwa mfano wa kupigiwa debe: ubora wa juu, malipo ya chini, kazi usiku na mchana. Mwaka 2009, dunia ikiwa kwenye msukosuko, serikali ya Ujerumani iliwapa raia wake euro 2,500 kila anayepeleka gari kuukuu kwenye chuma chakavu na kununua jipya. Wajerumani wakakimbilia magari madogo, na Tychy ikatoa zaidi ya magari laki sita kwa mwaka mmoja. Mfuko wa mlipa kodi wa Kijerumani ulikuwa unalipa mishahara ya Silesia.

Kisha wakubwa wa Italia, wa serikali kule Roma na wa Fiat kule Turin, wakakumbuka nyumbani. Kiwanda cha Fiat cha Pomigliano, karibu na Naples, kilikuwa hakina kazi ya kutosha. Mkuu wa Fiat, Sergio Marchionne, akawaambia wafanyakazi wa pale: kubalini masharti magumu ya zamu na mapumziko, nami nitawaletea gari jipya la Panda, nikilitoa Poland. Juni 2010 wakapiga kura, wengi wakakubali. Panda ikaondoka. Desemba 2012 Tychy ikatangaziwa kwamba watu 1,500 hawatakiwi tena. Hawakuwa wamekosea kitu. Walifanya kazi vizuri kuliko wale walionyang’anya gari lao, ila mwenye mali alikuwa na ndugu zake kwingine, na wanasiasa wa kwao walikuwa wanamtazama.

Kiwanda chenyewe hakikufungwa. Fiat 500 iliendelea kutoka pale, na mwaka 2023 likaanza kutoka Jeep Avenger, gari lililochaguliwa kuwa gari la mwaka Ulaya, likifuatwa na mengine ya Stellantis, kundi ambalo Fiat imo ndani yake. Kwa nini walirudi? Kwa sababu katika miaka 40 ya kuunda magari, Silesia ilikuwa imejaa viwanda vidogo na vya kati vya viti, vioo, nyaya na chuma cha kukunja, na vyuo vya ufundi vinavyotoa vijana wanaojua kazi. Vitu hivyo huwezi kuvipakia kwenye kontena ukaenda navyo Naples. Lakini si mbali sana na hapo, Bielsko-Biała, kiwanda cha injini cha kundi hilohilo kimefungwa, kwa sababu injini za zamani zinapoteza wateja. Hakuna aliyewahi kuahidiwa milele.

Tena si kila mgeni anafika. Juni 2023 kampuni ya Intel ilitangaza kujenga karibu na Wrocław kiwanda cha dola bilioni 4.6 cha kukamilisha na kupima chipu za kompyuta. Mawaziri walipiga picha, ardhi ikatengwa, ruzuku ya zaidi ya zloti bilioni 7 ikaandaliwa. Septemba 2024 Intel ikasema inaahirisha. Julai 2025 ikasema basi. Kwa bahati ruzuku ilikuwa bado iko hazina.

Sasa hadithi inayotugusa sisi moja kwa moja: matrekta ya Ursus. Baadhi yenu, hasa mlio Pwani na Morogoro, mmeyaona. Mwaka 2015 Tanzania ilikubaliana na Poland kupata mkopo wa masharti nafuu, dola milioni 55, kwa ajili ya matrekta 2,400 ya Ursus ambayo yangeunganishwa Kibaha kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. Ursus halikuwa jina dogo. Lilikuwa kiwanda cha fahari karibu na Warsaw. Juni 1976 wafanyakazi wake walisimamisha treni kwa kukalia reli, wakipinga bei za chakula kupandishwa, na wanahistoria wa Poland wanaihesabu siku ile miongoni mwa zile zilizozaa vuguvugu la wafanyakazi la Solidarity. Kampuni iliyokuja Kibaha ilirithi jina hilo. Kabla mpango haujafika ulikokusudiwa, kampuni yenyewe ikafilisika huko kwao.

Ilifilisikaje katika nchi inayokua kwa kasi? Hapo ndipo inabidi tuwe waangalifu na neno “ukuaji”. Baada ya 2004 mkulima wa Poland alipata fedha za Umoja wa Ulaya kununua zana. Akiwa na fedha hizo na soko lililo wazi, akanunua trekta la Kimarekani, la Kijerumani, la Kiitaliano. Ursus halikuweza kushindana nyumbani, ndipo likatafuta wateja Ethiopia na Tanzania. Wakati huohuo kiwanda cha mashine za kuvunia cha Bizon, mjini Płock, kilikuwa kimenunuliwa na New Holland tangu 1998, na mashine zinaendelea kutoka pale, kwa jina la mgeni. Jirani mmoja alikubali kumezwa akabaki na kazi. Mwingine alibaki na jina. Sijui ningechagua lipi kama ningekuwa fundi.

Na suala la nani mwenye mali halijaisha huko. Poland haina gari lake lenyewe. Mpango wa serikali wa gari la umeme liitwalo Izera ulionyesha sampuli mwaka 2020 na haukuwahi kutoa gari la kuuzwa. Solaris, kampuni ya mabasi iliyoanzishwa karibu na Poznań na mtu na mkewe, ikawa miongoni mwa vinara wa mabasi ya umeme Ulaya, halafu mwaka 2018 ikauzwa kwa kampuni ya Kihispania ya CAF. Mnyororo mkubwa kuliko yote wa maduka ya vyakula, Biedronka, wenye maduka zaidi ya 3,000, ni mali ya Jerónimo Martins ya Ureno, na zaidi ya theluthi mbili za mauzo ya kampuni hiyo ya Kireno hutoka Poland. Mpolandi ananunua mkate wake, faida inakwenda Lisbon. Wapo wanasiasa waliojenga majina kwa hasira hiyo, na serikali ikafikia hatua ya kununua tena benki ya Pekao kutoka kwa Waitaliano mwaka 2017.

Hasira hiyo naielewa, ila sikubaliani nayo yote. Mshahara, kodi ya ajira, mkulima anayepeleka viazi kwenye duka lile, vyote vimebaki Poland. Ukitaka kuona vimebaki wapi, nenda Nungwi au Kiwengwa kule Unguja mwezi wa Januari. Vijana wa ufukweni wanaouza vinyago na safari za pomboo wanakusalimia kwa Kipolandi. Wanakijua kwa sababu wateja wapo: Poland imekuwa moja ya nchi zinazoleta watalii wengi Zanzibar, kwa ndege za kukodi zinazotoka moja kwa moja. Baba yake mtalii yule, miaka ya 1980, alikuwa anapanga foleni ya nyama.

Kwetu huku nina neno moja tu. Tunashindana kufuta kodi, Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, kila mmoja akimzidi mwenzake. Viwanda vya nguo vya Athi River vilikwenda pale hasa kwa sababu sheria ya AGOA iliruhusu nguo za Kenya kuingia Marekani bila ushuru. Ni soko lilelile linalozungumza, tena soko la mwenye nyumba mwingine, anayeweza kufunga mlango. Wapolandi wanalijua hilo: Agosti 2014 Urusi ilipopiga marufuku matunda kutoka Ulaya, matufaha ya Grójec yalibaki mikononi mwa wakulima, na magazeti yakawahimiza watu wale matufaha kumkomoa Putin. Waliokolewa na kuwa na wateja wengine. Soko la Jumuiya ya Afrika Mashariki lina watu zaidi ya milioni 300, na bado mahindi ya Tanzania yanaweza kulala mpakani Namanga kwa wiki. Mwekezaji anaiona foleni hiyo kabla ya kusoma ukurasa wa misamaha.

Habari nyingine ninayoifuatilia Poland ni ya upande wa pili wa meza. Mwaka 2021 kampuni ya InPost, iliyoanzia Kraków na kutapakaza makabati yake ya njano ya kuchukulia vifurushi katika kila mtaa wa Poland, ilinunua kampuni ya Kifaransa ya Mondial Relay. Safari hii mnunuzi ametoka Poland kwenda Ufaransa, na vyama vya wafanyakazi vya Kifaransa ndivyo vinavyopaswa kujifunza jina la mwajiri mgeni.

Muda wangu umekwisha. Wiki ijayo, tukijaliwa, nitazungumzia bandari ya Gdańsk na kwa nini meli kubwa za Asia zinapita Hamburg na kwenda mpaka huko.